Simulizi za Ustahimilivu katika Podikasti za Jumuiya ya Chuo Kikuu: Mtazamo wa Kiisimu

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamejishughulisha zaidi na masimulizi ya kubuni: ngano, visasili, hekaya na visakale. Simulizi ambazo mtu huzitoa kuhusu maisha yake mwenyewe hazikupewa nafasi ya namna hiyo, ingawa ndizo zinazosikika kila siku barazani, jikoni, safarini na katika mabweni ya wanafunzi. Sababu mojawapo ni kwamba simulizi hizo zilikuwa zikipotea mara tu zilipotamkwa. Ngano husimuliwa na wengi, kwa hiyo mtafiti akiikosa leo ataipata kesho kwa mwingine; kisa cha mtu kufiwa, kuugua au kurudia mwaka wa masomo kina mwenyewe mmoja tu.

Hali hiyo imebadilika. Simu ya mkononi imekuwa kinasa sauti, na podikasti imempa mwanafunzi wa kawaida uwezo wa kurekodi kisa chake na kukieneza bila kupitia kituo cha redio. Miongoni mwa mada zinazopendwa katika vipindi vya aina hii vyuoni ni jinsi mtu alivyopita katika dhiki na kuendelea na safari yake. Mhadhara huu unakusudia kueleza mambo matatu: kwanza, asili ya simulizi hizo katika mapokeo ya Kiswahili; pili, jinsi sarufi ya Kiswahili inavyobeba maana ya ustahimilivu; na tatu, faida na hatari zinazomkabili msimulizi anapoikabidhi sauti yake kwa hadhira asiyoiona.

2.0 Istilahi mbili: podikasti na ustahimilivu

Neno podikasti ni jipya katika lugha zote. Mwanahabari Ben Hammersley alilipendekeza umbo lake la Kiingereza katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwezi Februari 2004, kwa kuunganisha jina la kifaa cha iPod, kilichotolewa mwaka 2001, na neno la Kiingereza lenye maana ya utangazaji. Kifaa chenyewe kimekwisha kuachwa, lakini jina limebaki. Katika Kiswahili neno hilo limepokewa kwa utaratibu uliozoeleka wa kutohoa: konsonanti zimetenganishwa kwa irabu pale ilipohitajika, irabu imewekwa mwishoni, na nomino imeingia katika ngeli ya 9/10, yaani podikasti hii, podikasti hizi. Kinachoitofautisha podikasti na matangazo ya redio ni kwamba msikilizaji huchagua wakati wa kusikiliza, hurudia akitaka, na huweza kuhifadhi sauti hiyo kwa muda usiojulikana.

Neno ustahimilivu linahitaji maelezo zaidi. Kitenzi stahimili kimetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, mzizi uleule uliotupa himili na hamali. Neno la Kiingereza ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ustahimilivu limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuruka na kurudi nyuma. Taswira hizi mbili si sawa. Katika taswira ya Kilatini kitu hukandamizwa, kisha hurejea katika umbo lake la awali. Katika taswira ya Kiswahili mtu amebeba mzigo. Harudi alikotoka, bali anaendelea mbele nao. Karibu na neno hili yako mengine: subira, ambayo husisitiza kungoja, uvumilivu, ambao husisitiza kutolalamika, na ukakamavu, ambao husisitiza ugumu wa nia. Methali zimegawana maana hizo. Subira huvuta heri na mvumilivu hula mbivu zinaahidi malipo kwa anayengoja, ilhali kujikwaa si kuanguka haiahidi chochote isipokuwa kwamba safari haijakatika. Tofauti hii ni ya msingi, kwa sababu msimulizi anayeamini kwamba kila dhiki lazima iishie kwenye mbivu atalazimika kuipa simulizi yake mwisho ambao huenda maisha yake hayajaufikia.

3.0 Simulizi binafsi katika mapokeo ya Kiswahili

Si kweli kwamba Waswahili wamejifunza kusimulia maisha yao kutoka kwa vyombo vya kisasa. Maelezo ya maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, yalichapishwa huko Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Heinrich Brode. Carl Velten naye alitoa Safari za Wasuaheli mwaka 1901, kitabu ambacho ndani yake wasafiri wanasimulia kwa nafsi ya kwanza waliyoyaona. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliandika Maisha Yangu, na humo kufiwa na mke wake Amina kumepewa nafasi ya pekee. Katika Wasifu wa Siti binti Saad mwandishi huyohuyo alieleza jinsi mwanamke wa asili ya kimaskini alivyopanda hadi kuwa sauti ya Unguja nzima.

Hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi na podikasti ni kazi ya Sarah Mirza na Margaret Strobel. Wataalamu hao walirekodi kwa kanda maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, na masimulizi yao yakachapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Hapa msimulizi hakuwa mwandishi. Alikuwa mtu aliyezungumza na mwenziwe mbele ya kinasa sauti. Lakini baina ya kanda na msomaji palikuwa na mnukuzi, mhariri na mchapishaji, na sauti yenyewe haikumfikia msomaji. Podikasti imeondoa sehemu kubwa ya vizuizi hivyo, na pamoja na vizuizi imeondoa pia baadhi ya kinga.

4.0 Muundo wa simulizi binafsi

William Labov na Joshua Waletzky walionyesha mwaka 1967 kwamba simulizi ya mdomo ya tajiriba binafsi ina mpangilio unaoweza kuchanganuliwa. Kwa mujibu wa mkabala huo, kama Labov alivyouendeleza mwaka 1972, simulizi iliyokamilika huwa na muhtasari, utambulisho wa watu na mahali, tukio tata, tathmini, utatuzi na tamati. Kati ya vipengele hivyo, tathmini ndiyo moyo wa simulizi, kwa kuwa humwonyesha msikilizaji kwa nini kisa kinastahili kusimuliwa. Simulizi isiyo na tathmini huacha swali la "basi ikawaje?" hewani.

Ili kuona jinsi vipengele hivi vinavyojitokeza, tuchukue kisa kifupi kilichotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu kwa kufuata namna ambavyo wanafunzi husimulia:

"Nilikuwa mwaka wa pili. Nilifiwa na mama mwezi wa tatu, mitihani ikiwa imebaki wiki mbili. Nikaenda kuzika, nikarudi, nikaomba kuahirishiwa mtihani, nisikubaliwe. Basi nikakaa chumbani siku tatu, sili, silali. Siku ya nne mwenzangu wa chumba anaingia, ananiwekea uji mezani, hasemi kitu, anatoka. Ndipo nikainuka, nikajikaza, nikanywa. Darasa likanichangia nauli ya kurudi arubaini. Masomo mawili niliyarudia. Leo nimefika mwaka wa nne. Mtu huzika mara moja, lakini kulia hulia mara nyingi."

Kisa hiki kina sentensi kumi tu, lakini kina utambulisho, tukio tata, kilele, utatuzi na tamati. Tathmini haikuwekwa mahali pamoja. Imetawanywa katika uteuzi wa maumbo ya vitenzi. Jambo hilo ndilo linaloshughulikiwa katika sehemu inayofuata.

5.0 Sarufi ya ustahimilivu

5.1 Kutoka kutendwa hadi kujitenda

Kiswahili kina njia mahususi ya kumweka aliyepatwa na jambo katika nafasi ya kiima. Kitenzi fa hakina yambwa. Anayekufa ndiye kiima. Tukiongeza kiambishi cha kutendea na kile cha kutendwa tunapata fiwa, na hapo kiima si marehemu tena bali ni aliyeachwa. Nyesha hutoa nyeshewa, iba hutoa ibiwa, kimbia hutoa kimbiwa. Katika kila jozi lugha imehamisha macho ya msikilizaji kutoka kwenye tukio hadi kwa mtu ambaye tukio limemwangukia. Si ajabu, basi, kwamba sehemu ya kwanza ya simulizi za dhiki imejaa kiambishi -w-: nilifiwa, niliibiwa, nilinyimwa, nilifukuzwa, nilikumbwa na maradhi.

Mgeuko wa simulizi huonekana pale -w- inapoipisha -ji-: nikajikaza, nikajipa moyo, nikajikongoja, nikajikusuru. Kiambishi cha kujirejea humfanya mtu mmoja kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Aliyekuwa akipokea mapigo sasa anajishughulikia mwenyewe. Msikilizaji mzoefu wa Kiswahili huuhisi mgeuko huo hata kama hajapata kufundishwa sarufi.

Lakini uchambuzi usiishie hapo. Katika kisa kilichonukuliwa, kati ya kufiwa na kujikaza pana mtu aliyeleta uji, na baada ya kujikaza pana darasa lililochanga nauli. Kiambishi -w- kinachobeba msiba ndicho pia kinachobeba msaada: nilichangiwa, nilipokewa, nilishikwa mkono, nilisamehewa ada. Simulizi ambayo ndani yake -w- hutumika kwa mabaya pekee, na mema yote hutajwa kwa -ji-, imewafuta watu waliomzunguka msimulizi. Vyuo hupenda simulizi za namna hiyo kwa sababu zinafaa kwa matangazo: mwanafunzi alijitahidi, akajitegemea, akajikwamua. Athari yake ni kwamba asiyeweza kujikwamua huonekana kuwa na kasoro ya tabia, na wajibu wa taasisi kutoa ushauri nasaha, mikopo na malazi husahauliwa. Kwa hiyo uteuzi wa kiambishi si suala la mofolojia peke yake. Ndani yake mna hukumu juu ya nani anawajibika kwa nani.

5.2 Njeo na mwendo wa kisa

Njeo katika simulizi hazionyeshi wakati tu. Kiambishi -li- hufungua kisa na kukiweka mbali na sasa. Baada ya hapo -ka- hushika usukani na kuyaunganisha matukio kwa mfululizo: nikaenda, nikarudi, nikaomba. Ni muhimu kukumbuka kwamba -ka- ya masimulizi haina ukanushi wake yenyewe. Badala yake hutumika dhamira tegemezi, kama katika nisikubaliwe. Umbo hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Msimulizi hakusema sikukubaliwa, kauli ambayo ingetoa taarifa na kusimama. Kwa kusema nisikubaliwe ameacha tendo la kuomba likiwa limening'inia, na msikilizaji huipata kutofanikiwa hiyo ndani ya mwendo uleule wa juhudi.

Kwenye kilele njeo hubadilika tena: mwenzangu anaingia, ananiwekea, hasemi, anatoka. Wakati uliopo umeletwa katikati ya wakati uliopita, na tukio limesogezwa mbele ya macho. Neno ndipo linafunga kilele hicho na kutangaza kwamba kinachofuata ndicho jibu. Mwishoni nimefika inaunganisha yaliyopita na hali ya sasa, kisha hu- inakitoa kisa katika maisha ya mtu mmoja na kukifanya kauli ya wote, kama zifanyavyo methali.

5.3 Nafsi na umbali

Msimulizi anapokaribia sehemu inayouma, mara nyingi huacha nafsi ya kwanza. Badala ya "niliamka sina kitu" husema "unaamka huna kitu", au "mtu anaamka hana kitu". Baadhi ya wahariri vijana huyaona mabadiliko haya kuwa kosa na humtaka msimulizi arudie kwa nafsi ya kwanza. Huko ni kutoelewa. Nafsi ya pili isiyo bayana ni ngao: humwezesha mtu kuzungumzia aibu au hofu bila kuivaa upya, na papo hapo humkaribisha msikilizaji aivae kidogo. Vivyo hivyo mwanafunzi wa Nairobi anapohamia Sheng, au wa Zanzibar anaporudi katika lahaja ya kwao, si lazima kuwa anaharibu lugha. Huenda ndipo anapofika mahali ambapo Kiswahili sanifu hakikuwahi kumliwaza.

6.0 Msikilizaji asiyeonekana

Fasihi simulizi ya Kiswahili haitambui msimulizi asiyeitikiwa. Anayesema paukwa hungoja pakawa, na asipoipata hanyanyui kisa. Podikasti inamweka msimulizi mbele ya kipaza sauti bila kiitikio. Matokeo yake ni mojawapo ya mawili: ama husoma maandishi, na simulizi ikapoteza -ka- na ndipo zake ikawa insha, ama husema mfululizo bila kujua pa kuishia.

Dawa iliyothibiti ni kumrudisha mwitikiaji chumbani. Mradi wa StoryCorps, ulioanzishwa na Dave Isay na kufungua kibanda chake cha kwanza katika kituo cha treni cha Grand Central mjini New York mwaka 2003, hurekodi watu wawili wanaojuana wakizungumza kwa muda wa takribani dakika 40, na rekodi huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani kwa ridhaa ya wahusika. Utaratibu huo unawafaa wasemaji wa Kiswahili kwa sababu ndio wa barazani. Mwenzi anayesema "ehe", "pole", "ikawaje?" humpa msimulizi nafasi ya kupumua, na humjulisha kwamba anasikika.

Pana pia suala la uhariri. Kimya kinachofuata neno nilifiwa ni sehemu ya simulizi. Programu za kuhariri huweza kufuta vimya vyote kwa amri moja, na kwa kufanya hivyo hufuta tathmini. Ubora wa sauti, kwa upande mwingine, hauhitaji kuwa mkubwa: sauti ya mazungumzo inayohifadhiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takribani megabaiti 9.6 kwa dakika 20. Kwa mwanafunzi anayenunua vifurushi vya intaneti kwa siku, hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama atasikiliza au la. Maandishi ya kipindi yatolewe pia, kwa ajili ya wanafunzi viziwi na kwa ajili ya watafiti wa lugha.

7.0 Faida na hatari za kusimulia

Swali linalobaki ni kama kusimulia kunamsaidia msimulizi. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu wanafunzi 46 wa chuo kikuu nchini Marekani, ambao waliandika kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu matukio ya kuumiza pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao. Matokeo haya hunukuliwa mara nyingi. Hata hivyo hayapaswi kunukuliwa nusu: wanafunzi hao waliandika faraghani, bila kutangazwa. Upande wa pili, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa katika mkusanyiko wa Cochrane mwaka 2002 yalionyesha kwamba kumtaka mtu aeleze yaliyomfika katika kikao kimoja muda mfupi baada ya janga hakuzuii athari za kiwewe, na ni ushauri uliotolewa humo kwamba desturi ya kuwalazimisha waathirika ikome.

Kwa jumuiya za vyuo vya Afrika Mashariki suala hili si la nadharia. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika shambulio dhidi ya Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na wengi wa walionusurika waliendelea na masomo Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Miaka mitano baadaye, Machi 2020, vyuo vya Kenya na Tanzania vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Katika hali kama hizo huwapo shauku ya kuwasikia walionusurika. Shauku hiyo ni njema, lakini mwenye kisa ndiye mwenye saa yake. Aliyenusurika hawii deni la simulizi kwa mtu yeyote.

Hatari nyingine ni ya kudumu kwa sauti. Kisa cha barazani husahauliwa au hupungua makali. Kisa cha podikasti humkuta msimulizi akiwa na umri wa miaka arobaini, mbele ya mwajiri au mbele ya watoto wake. Aidha, hakuna simulizi ya mtu mmoja tupu: anayesimulia kupigwa nyumbani amemtaja baba, na anayesimulia maradhi huenda ametaja ya ndugu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini sheria haitoshi bila desturi njema. Inafaa ridhaa iombwe mara mbili, kabla ya kurekodi na baada ya msimulizi kusikiliza toleo lililohaririwa. Msimulizi apewe haki ya kubadili jina na kuondoa kipindi. Wahusika wengine wasitambulike. Na mshauri nasaha awe anajulikana alipo kabla kipaza sauti hakijawashwa. Zaidi ya yote, iruhusiwe simulizi isiyo na mwisho mwema. Anayesema "bado sijui" naye amestahimili.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba podikasti ya chuoni inaendeleza mapokeo marefu ya Kiswahili ya mtu kusimulia maisha yake, na kwamba maana ya ustahimilivu imo katika sarufi yenyewe ya simulizi: katika kupishana kwa -w- na -ji-, katika mwendo wa -ka-, katika nafsi inayojificha na kujitokeza. Umeonyesha pia kwamba -w- ya msaada ndiyo inayosahauliwa kwa urahisi zaidi, na kuisahau kuna gharama kwa wale ambao bado wamo ndani ya dhiki.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa isimu ni mbili. Ya kwanza ni kujenga hazina ya simulizi hizi, kwa ridhaa ya wenyewe, iliyonukuliwa kwa uaminifu pamoja na vimya vyake, ili Kiswahili kinachosemwa na watu wenye la kusema kipate kuchunguzwa kama kilivyochunguzwa kile cha ngano. Ya pili ni kuwafundisha wahariri wa vipindi hivyo kusikiliza kabla ya kukata. Aliyeleta uji hakusema kitu, lakini bila yeye kisa kisingekuwapo. Simulizi inayomwacha nje imempunguzia msikilizaji sehemu ya ukweli aliyoihitaji zaidi.